Ng'ombe mwenye herufi tisa

Najua nimepotea humu karibu wiki tatu, na wengine mlishaanza kunong'ona kwamba nimedisco. Hapana jamani, nipo. Boom limekata, lakini nipo. Kilichonipoteza ni ng'ombe mmoja tu, na leo nawaletea kisa chake pamoja na historia yake, maana mtu wa Historia hawezi kuumwa na nyoka bila kuuliza ukoo wa nyoka huyo.

Mnajua nasoma Ualimu, Historia na Kiswahili. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu unalinganisha urefu wa maneno katika insha za kidato cha pili za shule mbili, moja ya kijijini na moja ya mjini. Nilizikusanya nikiwa field, nikazichapa mwenyewe usiku usiku. Jirani yetu hall, kaka mmoja wa kompyuta, akanifundisha lugha ya skripti inayoitwa Perl, ikahesabu kwa sekunde chache kazi ambayo ingenimaliza mwezi mzima. Matokeo yalinifurahisha sana. Watoto wa kijijini wanatumia maneno marefu kuliko wa mjini! Nikaandika hitimisho kwa mbwembwe, nikampelekea msimamizi wangu.

Mama wa watu akasoma taratibu, akaweka kidole kwenye jedwali, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ng'ombe ana herufi ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. N, g, ritifaa, o, m, b, e. Hata ukiihesabu ritifaa ni saba. Jedwali langu linasema tisa. Nikaangalia ng'ambo, nikaangalia kung'oa, kila penye ng' pamezidi mbili. Na zimebaki siku kumi za kukabidhi kazi.

Jioni ile kwenye kimbweta kaka yule alicheka, halafu akasema, "Hukuweka tabaka." Tabaka gani tena? Ndipo nikaanza kuuliza maswali yangu ya kihistoria: nani aliweka matabaka hayo, lini, na kwa sababu gani?

Tuanze nyuma kidogo. Programu ikitaka kusoma faili, haiendi kwenye diski kuchukua baiti moja moja. Ni kama maji yetu hapa hall, huendi bombani na kikombe kila ukisikia kiu, unakwenda na ndoo. Ndoo hiyo kwenye kompyuta inaitwa bafa. Lugha ya C ilikuwa na maktaba ya kubebea ndoo hizo, inayoitwa stdio, iliyosambaa na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Larry Wall alipotoa Perl ya kwanza Desemba 1987, aliitegemea hiyo hiyo stdio. Tena Perl ilikuwa na ujanja wake. Ili isome haraka, ilikuwa inachungulia ndani ya ndoo ya stdio na kuchota yenyewe bila kupitia mlangoni. Ujanja huo ulileta kasi, ila kila mfumo endeshi ulikuwa umeifinyanga ndoo yake kivyake, kwa hiyo mwenye kuchungulia ilibidi ajue umbo la kila ndoo.

Na shida haikuwa ndoo peke yake. Chukua mwisho wa mstari. Unix huuandika kwa alama moja, Windows kwa alama mbili, urithi wa zile mashine za kuchapa za zamani ambapo amri moja ilirudisha kichwa cha mashine mwanzo wa mstari na amri nyingine ikashusha karatasi. Faili ni lile lile, wasomaji wawili wanaona vitu viwili.

Halafu likaja suala la herufi za dunia nzima. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuandika herufi za lugha zote ambapo herufi za a mpaka z hubaki baiti moja moja, lakini nyingine huchukua baiti 2, 3 au 4. Perl 5.6, ya Machi 2000, ilianza kuzijua herufi hizo ndani ya kichwa chake. Mlangoni, yaani kwenye faili, bado hapakuwa na njia nzuri ya kusema "kinachoingia hapa kimeandikwa hivi".

Mtu aliyebeba mzigo wa kuijenga njia hiyo ni Mwingereza mmoja, Nick Ing-Simmons. Toka miaka ya tisini alikuwa ameshaweka ukuta mwembamba kati ya Perl na stdio ili Perl isifungwe na maktaba moja. Mwishowe akaandika mfumo mzima wa Perl yenyewe, PerlIO, ambao ulikuja kuwa wa kawaida katika Perl 5.8.0, Julai 2002. Wazo la kupanga vipande juu ya vipande halikuwa geni. Dennis Ritchie alishaeleza mfumo wa namna hiyo ndani ya Unix mwaka 1984. Akina David Korn na Kiem-Phong Vo nao walishatoa maktaba yao ya sfio mwaka 1991. Kitu kilichonifurahisha kama mwalimu mtarajiwa ni kwamba mwanzoni vipande hivyo viliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo sisi tungelitafsiri "nidhamu". Baadaye ndipo jina la matabaka likashika.

Yanafanyaje kazi? Tabaka la chini kabisa, :unix, linaongea na mfumo endeshi. Juu yake kuna :perlio, ndiyo ndoo yenyewe. Juu zaidi unaweka unachotaka. Kuna :crlf la kunyoosha mwisho wa mistari ya Windows, na kuna :encoding la kugeuza baiti kuwa herufi. Ukisoma, data inapanda kutoka chini kwenda juu, kila tabaka linaipokea, linaigeuza, linaikabidhi kwa linalofuata. Ukiandika, inashuka kwa njia ile ile. Programu yako iliyokaa juu haijui wala haihitaji kujua kilichotokea chini.

Sasa hapa ndipo penye funzo kubwa. Perl 5.8.0 ilikuwa na wema wa kupitiliza. Ikiona mashine imepangwa kwa UTF-8, inakisia yenyewe kwamba mafaili yote ni ya UTF-8. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 2002, ikatoka Red Hat Linux 8.0 ambayo UTF-8 ndiyo ilikuwa mpangilio wake wa kawaida. Skripti zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikaanza kuharibu data ambayo si maandishi kabisa, mfano picha. Perl 5.8.1, Septemba 2003, ikaufuta ukarimu huo. Toka hapo, ukitaka tabaka, sema mwenyewe.

Mimi sikusema. Ile programu niliyochapia insha ilikuwa inaigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda katika UTF-8 ni baiti 3. Perl haikuambiwa kitu, ikahesabu baiti. Sita na tatu, tisa. Kumbe haikukosea, ilijibu swali ambalo sikujua nimeliuliza.

Nikakimbilia kurekebisha, nikaweka tabaka upande wa kutoa, nikasahau upande wa kuingiza. Ng'ombe akatoka na herufi a yenye kofia katikati, ngâombe, utadhani amesomea Ufaransa. Zile baiti tatu zilihesabiwa kuwa herufi tatu, kisha kila moja ikageuzwa tena. Mwishowe kaka akaniandikia mistari hii kwenye karatasi:

open(my $f, '<:encoding(UTF-8)', 'insha.txt') or die $!;
binmode(STDOUT, ':encoding(UTF-8)');

Saba. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa wanapiga msuli vimbweta vya jirani wakageuka.

Furaha haikudumu. Nikarudia hesabu zote, na ile tofauti kati ya shule mbili ikayeyuka, ikabaki kiduchu isiyosema lolote. Shule ya kijijini walikuwa wamepewa insha ya "Mifugo yetu". Ya mjini waliandika "Safari ya kwenda kwa bibi". Hitimisho langu lote lilikuwa limesimama juu ya migongo ya ng'ombe! Nimeifuta sura ile na kuandika ukweli, kwamba sikuona tofauti. Inauma, lakini wale watoto wa mjini nilikuwa karibu kuwaandika vibaya kwenye kitabu kitakachokaa maktaba.

Darasani tunafundishwa kila siku kuuliza waraka umepitia mikono ya nani. Tenzi nyingi za pwani ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu kabla hazijahamishiwa hati ya Kilatini, na anayesoma nakala ya leo bila kuuliza nani alihamisha anasoma pia maamuzi ya mhamishaji. Kwenye mtihani najibu swali hilo vizuri sana. Kwenye faili langu mwenyewe sikuuliza.

Nick Ing-Simmons alifariki Septemba 2006. Matabaka yake bado yapo ndani ya Perl hadi leo, na Python 3, iliyotoka 2008, nayo inasoma mafaili kwa matabaka yake matatu: la chini, la bafa, la maandishi. Usiku ule naona saba kwenye skrini nilimshukuru kimoyomoyo, mtu ambaye sikuwahi kumsikia wiki moja kabla.

Haya, kazi nimekabidhi juzi, mama amesaini. Sasa natafuta wa kunikopesha nauli mpaka boom lijalo. Mungu akipenda tutaonana wiki ijayo.