Kutoka Ukumbini hadi Kitabuni: Mada za Mikutano na Kumbukumbu ya Kanisa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwahusu zaidi wafanya biashara, lakini yafaa Kanisa nalo liisikilize. Kila mwaka wachungaji, walimu na wanafunzi wa theolojia hukutana katika semina na makongamano. Mada hutolewa, majadiliano hufanyika, maazimio hupitishwa, kisha wajumbe hurudi makwao. Je, yaliyosemwa hubaki wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano michache ya historia, kwamba kitabu cha mkutano si kivuli tu cha mkutano wenyewe. Kwa kizazi kinachofuata, kitabu hicho ndicho mkutano. Na wale waliokabidhi mada zao kwa mhariri ndio wanaohesabiwa kuwa walisema.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Katika Matendo ya Mitume sura ya 15 tunasoma habari za mkutano wa Yerusalemu. Luka ametuhifadhia hotuba ya Petro na hotuba ya Yakobo, pamoja na barua iliyopelekwa kwa makanisa. Lakini kuhusu maelezo ya Barnaba na Paulo, watu waliotoka moja kwa moja katika kazi ya umisheni, tumeachiwa aya moja tu, yaani ya 12. Tunajua kwamba walisema, na tunajua walisema juu ya nini. Maneno yao wenyewe hatunayo. Hivyo tangu mwanzo kumbukumbu za mkutano zimekuwa na sauti zilizoandikwa kwa kirefu na sauti zilizofupishwa.

Mfano mkubwa wa karne ya 20 ni Mkutano wa Misheni wa Ulimwengu uliofanyika Edinburgh, Uskoti, tarehe 14 hadi 23 Juni 1910. Wajumbe rasmi walikuwa wapatao 1,200, mwenyekiti wa vikao akiwa John R. Mott wa Marekani na katibu akiwa J. H. Oldham. Utaratibu wao wafaa kuangaliwa kwa makini. Tume nane ziliundwa mapema. Kila tume ilipeleka maswali kwa wamisionari waliokuwa katika nchi mbalimbali, ikakusanya majibu, ikaandika taarifa, na taarifa hiyo ikapigwa chapa na kupelekwa kwa wajumbe kabla hawajafika. Kwa hiyo muda wa ukumbini haukutumika kwa kusoma karatasi ndefu, bali kwa kujadiliana, na kila msemaji alipewa dakika saba tu. Baadaye taarifa zilichapishwa pamoja na majadiliano yake. Mwaka ule ule wa 1910 juzuu tisa zilitolewa: nane za tume, na ya tisa yenye historia ya mkutano na hotuba zake.

Katika juzuu hiyo ya tisa imo hotuba ya V. S. Azariah, kasisi Mwanglikana kutoka India Kusini, ambaye mwaka 1912 alikuwa Mhindi wa kwanza kuwekwa kuwa askofu katika Kanisa lake. Azariah aliwaambia wamisionari waziwazi kwamba wametoa mengi kwa ajili ya Wahindi, lakini bado urafiki wa kweli umepungua. Maneno hayo yaliwachukiza baadhi ya wasikilizaji. Ingekuwa rahisi kuyaacha yapotee pamoja na mwangwi wa ukumbi. Lakini hotuba ilichapishwa kama zilivyochapishwa nyingine, na leo mwanafunzi anayeijua hotuba moja tu ya Edinburgh, mara nyingi anaijua hiyo.

Hata hivyo juzuu hizo tisa zina upungufu wake. Kwa miaka mingi waandishi wa historia walisema kwamba hakukuwa na Mwafrika hata mmoja aliyetoka barani kwetu. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba alikuwapo Mark Hayford wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Mtu huyo alihudhuria, lakini kumbukumbu ya Kanisa haikumshika. Tena, majibu ya wamisionari kwa Tume ya Nne, iliyoshughulikia ujumbe wa Injili mbele ya dini nyingine, hayakuchapishwa yote. Yalibaki katika hifadhi za nyaraka. Mwaka 1995 Kenneth Cracknell alitoa kitabu kilichotumia majibu hayo, akaonyesha kwamba wamisionari wengi wa wakati ule walikuwa na heshima kwa dini za wenyeji kuliko ilivyodhaniwa. Kile kisichochapishwa chaweza kufufuka, lakini kwa kuchelewa sana, na kwa sharti kwamba mtu fulani alikitunza.

Tukija Afrika, sisi Walutheri hatuna budi kukumbuka mkutano wa Walutheri wa Afrika nzima uliofanyika Marangu, katika mitelemko ya Kilimanjaro, Novemba 1955. Kitabu chake kilitolewa Geneva mwaka 1956 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wanatheolojia wa Afrika walikutana Ibadan, Nigeria, mwaka 1966. Mada zao zilitoka mwaka 1969 kwa Kiingereza huko London na kwa Kifaransa huko Yaoundé. Wanatheolojia wa Ulimwengu wa Tatu walikutana Dar es Salaam tarehe 5 hadi 12 Agosti 1976. Kitabu chao, kilichohaririwa na Sergio Torres na Virginia Fabella, kilitolewa mwaka 1978 nchini Marekani. Msomaji ataona mambo mawili. Kwanza, kati ya mkutano na kitabu huweza kupita miaka miwili au mitatu, na katika muda huo mada nyingi hupotea njiani. Pili, hata mkutano ulipofanyika Marangu au Dar es Salaam, kitabu kilichapishwa ng'ambo na kwa lugha ya ng'ambo. Mzee wa kanisa aliyewapokea wageni hakuweza kusoma walichosema.

Wanatheolojia wanawake walilitambua jambo hili mapema. Katika mkutano wa Accra wa Desemba 1977, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na Rose Zoé-Obianga wa Kameruni walitoa mada, na mada zao zimo katika kitabu cha mwaka 1979. Lakini sauti za namna hiyo zilikuwa chache. Mwaka 1989 wanawake wanatheolojia wa Afrika walikutana Accra na kuanzisha umoja wao, wakiweka utafiti, uandishi na uchapishaji kuwa shabaha yao kuu. Mwaka 1990 kumbukumbu za mkutano huo zilichapishwa Ibadan, na mwaka 1992 kikafuata kitabu kingine cha mada, vyote vikihaririwa na Oduyoye pamoja na Musimbi Kanyoro, Mlutheri kutoka Kenya. Hawakungoja kualikwa katika kitabu cha wengine.

Tunajifunza nini? Mtoa mada na afahamu kwamba kazi yake haimaliziki anapopigiwa makofi. Lililosemwa kwa sauti huegemea ishara ya mkono na uso wa msikilizaji. Linapoandikwa lahitaji kusimama lenyewe. Hivyo aifanyie mada yake masahihisho kwa kuzingatia maswali aliyoulizwa, ahakiki majina na tarehe, kisha aikabidhi kwa wakati uliowekwa. Mhariri naye asichague tu majina makubwa. Aulize ni nani aliyesema jambo la kweli ambalo lingependwa lisisikike, na kama mwinjilisti aliyetoa ushuhuda bila karatasi aweza kusaidiwa kuuandika. Viongozi wa Kanisa wanapopanga bajeti ya mkutano, watenge fungu la uchapishaji sambamba na fungu la chakula na nauli, tena wafikirie Kiswahili tangu mwanzo.

Wengi wetu tunazo mada katika majalada, zilizosomwa mara moja na kuwekwa kando. Baadhi zina habari za wazee wa sharika ambao wamekwisha kulala, na ambazo hazipatikani mahali pengine. Hizo ndizo za kutangulia kukabidhiwa.