Maji Magumu: Safari Ndefu ya Kuachana na Chumvi

Novemba 2008 wakazi wa Bonde la Santa Clarita, kaskazini mwa jiji la Los Angeles, walipiga kura kuamua hatima ya kitu kilichokuwa ndani ya nyumba zao wenyewe: mashine za kulainisha maji kwa chumvi. Walio wengi walitaka zing'olewe, na kuanzia Januari 1, 2009 ikawa ni kinyume cha kanuni kubaki na mashine hiyo nyumbani. Malalamiko yalikuwa yametoka mbali kidogo, kwa wakulima wa kaunti ya Ventura wanaomwagilia kwa maji ya Mto Santa Clara. Kila mashine ilikuwa ikimwaga maji ya chumvi kwenye bomba la majitaka, na mitambo ya kusafisha majitaka, hodari wa kuondoa uchafu, haina uwezo wa kuitoa chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Ilipita yote hadi mtoni. Parachichi na stroberi za wakulima hao ni mimea isiyovumilia kloraidi iliyomo kwenye chumvi. Majani huungua kingo na mazao hupungua. Kikomo kilichowekwa kwa ajili ya mto huo kilikuwa miligramu 100 za kloraidi kwa lita, na kama mashine zingeachwa, gharama ya kujenga mitambo mikubwa ya kuchuja chumvi ingemwangukia kila mwananchi, mwenye mashine na asiye nayo.

Kura ile ilifunga ukurasa wa historia ambayo chanzo chake ni sabuni. Maji huwa magumu yanapopita kwenye miamba ya chokaa na kuyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo haitoi povu mpaka iyamalize. Hugeuka utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo na beseni. Mwaka 1841 mkemia wa Scotland, Thomas Clark, alipata hataza ya kulainisha maji kwa kuyatia chokaa. Kipimo chake cha ugumu kinaonyesha wazi alichokuwa akikiwinda: alitia maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye chupa, akaitikisa, na kuhesabu kiasi kilichohitajika mpaka povu lidumu dakika 5. Ugumu wa maji ulipimwa kwa hasara ya sabuni. Baadaye, mwaka 1850, Waingereza H. S. Thompson na J. T. Way walieleza jinsi udongo unavyoweza kunasa madini ya aina moja na kuachia ya aina nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Robert Gans akaitumia kanuni hiyo kutengeneza zeolaiti za kulainishia maji, na mwaka 1935 Adams na Holmes, huko Uingereza, wakatangaza chembe za resini zinazofanya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo mashine ya nyumbani ya leo ilipozaliwa.

Chembe za resini hubeba sodiamu. Maji yakipita, hunasa kalsiamu na kuachia sodiamu. Zikishajaa, huoshwa kwa maji ya chumvi ili zianze upya. Ubaya uko kwenye kuosha huko. Chukua nyumba inayotumia lita 500 kwa siku, na maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita. Ugumu wa kuondolewa ni gramu 150 kila siku. Kila gramu 100 hudai walau gramu 117 za chumvi, kwa hiyo ni takriban gramu 175 kwa siku, karibu kilo 64 kwa mwaka, na kloraidi yake yote huishia kwenye majitaka. Hiyo ni hesabu ya kikemia isiyo na upotevu wowote. Mashine halisi hula zaidi. Zidisha kwa maelfu ya nyumba, uone mzigo anaobebeshwa mkulima wa chini ya mto.

Kinachonishawishi kwamba gharama hii imepitwa na wakati ni kwamba sabuni yenyewe imebadilika. Tangu sabuni ya unga ya Tide ilipoingia madukani Marekani mwaka 1946, sabuni za unga zimetengenezwa kwa kemikali zisizogeuka utando kwenye maji magumu, tena zikiwa na viungo vya kukamata kalsiamu ndani ya beseni. Kwa nyumba yenye sabuni hizo, adui aliyebaki ni ukoko. Maji magumu yakichemshwa, gesi ya kaboni dioksidi hutoka na chokaa hujishika palipo na joto zaidi, yaani kwenye waya wa hita. Waya ukishavikwa jiwe, hupeleka joto kwa taabu, hujichemsha wenyewe na mwisho huungua. Kuzuia chokaa isigande hapo hakulazimu kuitoa kwenye maji. Kampuni ya Hagan ya Pittsburgh ilianza kuuza dawa ya maji iitwayo Calgon mwaka 1933, na ikaja kubainika kuwa miligramu chache tu za fosfeti yake kwa lita huchelewesha kuganda kwa chokaa. Njia ya karibuni zaidi hutumia punje za plastiki zenye vituo vidogo mno ambamo chokaa huanza kuganda ikiwa bado majini. Fuwele hizo hubanduka, huelea na kutoka na maji bila kushika ukuta wa bomba. Njia hii haihitaji chumvi, wala haina maji ya kuoshea ya kumwaga.

Wenye shaka wana hoja ya haki, kwa kuwa biashara hii imejaa ahadi hewa. Sumaku za kufunga kwenye bomba zina historia ndefu: hataza ya Marekani ya mwaka 1890, kisha ya Mbelgiji Theo Vermeiren mwaka 1945. Zaidi ya karne moja baadaye matokeo yake bado yanatofautiana kutoka jaribio hadi jaribio, na mtu akikataa kuzinunua simlaumu. Lakini punje za kugandisha si sumaku. Ujerumani iliweka kipimo rasmi, DVGW W 512, ambapo hita inayopata maji yaliyotibiwa hulinganishwa na hita isiyotibiwa, na chokaa iliyojishika hupimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State nao walizilinganisha njia kadhaa zisizo na chumvi. Punje zikaongoza kwa mbali, vifaa vya sumaku ya umeme vikabaki nyuma sana.

Hoja ya pili ni kwamba maji haya hayajalainishwa. Ni kweli, na muuzaji anayeyaita laini anadanganya. Kalsiamu yote ingali ndani, povu la sabuni ya kipande halitaongezeka, na tone likikauka kwenye kioo litaacha alama. Anayefua kwa sabuni ya mche ataendelea kupata hasara, ingawa magadi kidogo kwenye beseni humaliza tatizo la maji ya kufulia bila kulainisha maji ya nyumba nzima. Boila za viwandani nazo zinahitaji maji yasiyo na ugumu kabisa. Wala punje si za kila kisima: chuma na matope huzifunika zikashindwa kufanya kazi.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja kwenye mwambao wetu, ambako visima vingi vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Nyumba nyingi hazina bomba la majitaka. Maji machafu huingia shimoni na kuzama ardhini, kwenye maji yaleyale tunayoyavuta, ambayo tayari yanaingiliwa na bahari. Kumwaga humo makumi ya kilo za chumvi kila mwaka ni kujiharibia kisima. Tena ijulikane kuwa maji ya chumvichumvi ni tatizo jingine, ambalo punje hizi hazilitibu, kama zisivyoondoa floraidi. Kabla ya kutoa fedha, peleka maji yako maabara upimiwe ugumu, chuma na kloraidi, na umtake muuzaji akuonyeshe cheti cha jaribio la hita. Asipokuwa nacho, usinunue.