Kichwa Kisicho na Maumivu

Mfinyanzi anayejifunza akiharibu chungu, huukanda udongo upya na kazi ikaanza tena. Daktari wa meno hana bahati hiyo. Tabaka gumu lililofunika jino likisha kuchimbwa halioti tena, na mwenye jino ndiye alipaye gharama ya kosa asilolitenda. Basi mkono wa mwanafunzi utaupata wapi ustadi wake?

Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa juu ya maradhi ya meno na tiba zake. Mwaka 1840 chuo cha kwanza cha elimu ya meno duniani kiliundwa Baltimore, Marekani. Maarifa yakaenea, lakini kitabu hufundisha akili, hakifundishi vidole. Kisha, mwaka 1871, Mmarekani James Morrison alisajili uvumbuzi wake wa kekee ya meno iendeshwayo kwa mguu. Kekee ile ilichimba upesi kuliko mkono, na kosa nalo likawa jepesi kutendeka.

Mwaka 1894 Oswald Fergus, daktari wa meno wa Glasgow, Uskoti, alileta chombo cha kufundishia: sanamu ya kichwa. Haikuwa na uzuri wowote. Ilikuwa mataya mawili yenye meno, yameshikizwa katika vyuma. Hata hivyo ilimlazimisha mwanafunzi kuinama, kutazama na kuchimba kama aliye mbele ya mtu hasa, badala ya kulishika jino mkononi. Baadaye sanamu hizo zilipewa nyuso na mashavu ya mpira, na mwishoni mwa karne ya 20 kompyuta zilianza kuupima mwendo wa kekee na kumwonyesha mwanafunzi alipokosea.

Je, sanamu yatosha? La, haitoshi. Haishtuki, haimezi mate, wala haimwogopi daktari. Ndiyo maana mwanafunzi akisha kuhitimu kwenye sanamu, huwatibu watu kwanza chini ya macho ya mwalimu wake. Faida ya sanamu si kumfanya mtu asikosee kamwe, bali ni kumpa mahali pa kukosea pasipo kumwumiza mwenziwe. Wazee walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ni heri basi kujifunza kuubeba mtungi ungali mtupu.