Ndizi Zimeiva Mpaka Zikawa Nyeusi? Usitupe, Pika Waffle za Njugu Hivi

Wasee, zile ndizi ziko kwa kona ya keja yako zimejaa madoa meusi na vijidudu vishaanza kuzizunguka, wacha kuziangalia na jicho la pipa. Hiyo ni breakfast ya watu wanne imelala hapo. Na kama uko mitaa ya Nyaramba, Nyamira Kaunti, hii story ni yako kabisa.

Huku Gusii ndizi, ama amatoke, si dishi tu, ni doh. Migomba iko karibu kila boma, inasimama kando ya majani chai. Ndizi za kwenda mbali hukatwa zikiwa kijani ndio zihimili safari ya lori hadi Nairobi ama Nakuru. Sasa zile zinaiva kabla zipate mnunuzi? Bei inashuka kila siku, mwisho ni ng'ombe anakula. Mama anayeuza ndiye anabeba hasara. Ukienda sokoni jioni, kichana cha ndizi zilizolainika utapewa kwa bei ya kutupa. Nunua.

Kwa nini ndizi nyeusi ndio poa

Ndizi kijani imejaa wanga. Ikiiva, ule wanga unageuka sukari, ndio maana kadri ngozi inavyokuwa nyeusi, utamu unazidi. Kumaanisha huhitaji kuweka sukari nyingi, na ndizi inapondeka na uma tu.

Lakini kuna mpaka. Ikinuka pombe, ikivuja maji ama ikiwa na ukungu, hiyo imeenda. Tupa kwa shimo la mbolea.

Njugu nazo ni kinyume

Hapa usicheze. Ndizi ikiwa nyeusi ni tamu, njugu ikiwa nyeusi ni sumu. Njugu karanga zilizohifadhiwa vibaya zinaweza kuota kuvu inayotoa aflatoksini, na hiyo sumu haiishi ukikaanga wala ukioka. Mwaka wa 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wakiwa wa Ukambani. Kwa hivyo chagua moja moja: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu ama chungu mdomoni, toa. Usijiambie utaificha na ndizi.

Na kabla upatie mgeni, uliza kama njugu zinamdhuru. Kuna watu kipande kidogo tu kinawafungia pumzi.

Unachohitaji (waffle 6 hivi)

Kikombe hapa ni cha mililita 250.

- Ndizi kubwa 2 ama 3 zilizoiva sana (ukiponda upate kikombe 1). Kama ni zile ndogo za sukari, tumia 5 hivi
- Unga wa ngano kikombe 1 na nusu. Ukitaka ladha ya nyumbani, toa nusu kikombe uweke unga wa wimbi
- Baking powder vijiko vidogo 2
- Chumvi kidogo, na mdalasini nusu kijiko kidogo kama uko nao
- Mayai 2
- Maziwa robo tatu ya kikombe
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 4
- Njugu karanga zilizokaangwa, nusu kikombe. Ukipata makadamia, hiyo ni level ingine

Vile unapika

1. Menya njugu, uzitwange kidogo kwa kinu ama uzifunge kwa karatasi safi uzipige na chupa. Unataka vipande vidogo, si unga. Vipande vikubwa vinazuia mashine kufunga vizuri, na vinaungua.

2. Ponda ndizi mpaka zilainike. Vibonge vidogo si noma.

3. Tenganisha mayai. Viini weka kwa ndizi pamoja na maziwa na mafuta, koroga. Ute piga kando mpaka utoe povu jeupe lililosimama. Hiyo povu ndio inafanya waffle iwe nyepesi.

4. Kwa bakuli ingine changanya unga, baking powder, chumvi na mdalasini. Mimina ule mchanganyiko wa ndizi, koroga kidogo tu. Ukikoroga sana, waffle inakuwa ngumu kama chapo ya juzi.

5. Ongeza nusu ya njugu, halafu ingiza povu polepole. Mchanganyiko uwe kama uji mzito. Ukikauka sana, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

6. Washa mashine ipate moto wa kati, paka mafuta. Sukari ya ndizi inaungua haraka na kushika, so usiruke hii. Mimina upawa mmoja, funga, ngoja dakika 4 ama 5. Ukiona mvuke umepungua, iko tayari. Ukifungua mapema itapasuka katikati.

7. Zipange kando kando, usizirundike. Mvuke ukikosa pa kutokea, zote zinalainika. Nyunyiza njugu zilizobaki, weka asali juu.

Huna mashine?

Relax. Kuna zile za chuma za kuweka juu ya jiko, hazihitaji stima. Na hizi si mpya: Cornelius Swartwout alipata hataza ya moja ya kugeuzwa juu ya jiko huko Marekani mwaka wa 1869. Kama huna yoyote, mimina kwa fraipani, upike kama pancake. Vishimo utakosa, ladha ni ile ile.

Unaogopa tokeni? Mashine ya wati 800 ukiitumia nusu saa haipiti uniti 0.4.

Na kama wewe ni mtu wa raba, jua hivi: Bill Bowerman, mmoja wa waanzilishi wa Nike, alimwaga mpira kwa mashine ya waffle ya nyumbani kwake mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndio apate soli ya mtindo wa waffle.

Ukitaka kuuza

Andika kila kitu ulichonunua, hadi mafuta na stima, ugawanye kwa idadi ya waffle. Hiyo ndiyo gharama ya moja. Usiuze chini yake eti ndio upate wateja. Utahitaji pia leseni ya kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kinachopimiwa upya kila miezi 6.

Ndizi zikizidi, menya, kata, weka kwa friza. Zikitoka zitakuwa nyeusi na maji maji, lakini kwa waffle zinaingia fiti. Na ule mama wa sokoni, mwambie akuwekee zile laini kila siku ya soko. Yeye anapunguza hasara, wewe unashiba.