Orijino ama kopi? Haki za mwenye simu anapofika kwa fundi

SIMU ikianguka na kioo chake kupasuka, wengi wetu hatuendi kwa kampuni iliyoiunda. Tunashuka Luthuli Avenue jijini Nairobi, ama tunamwendea fundi wa kibanda karibu na kituo cha matatu, na aghalabu swali la kwanza tunaloulizwa ni hili: "Unataka orijino ama kopi?"

Jibu la swali hilo halihusu bei pekee. Ndilo huamua iwapo simu itaendelea kutambua alama ya kidole, iwapo betri itadumu miaka miwili ama wiki tatu, na iwapo duka lililokupa waranti litakusikiliza utakaporudi huko.

Kwa Mkenya ambaye simu ndiyo pochi, daftari la biashara na sanduku la picha za jamaa zake, uamuzi huo si mdogo. Makala haya yanaeleza aina za vipuri vilivyoko sokoni, jinsi kampuni zinavyodhibiti ukarabati, na haki alizo nazo mwenye simu.

Aina nne za vipuri

Neno "kopi" huchanganya mambo yanayostahili kutenganishwa. Kuna kipuri asili, yaani kile kilichotoka kwa kampuni iliyounda simu, ama kwa kiwanda kilichopewa kandarasi na kampuni hiyo.

Kuna kipuri kilichotumika, ambacho kilikuwa asili lakini kimetolewa katika simu nyingine iliyoharibika. Mafundi wengi hununua simu mbovu kwa sababu hiyo.

Cha tatu ni kipuri mbadala. Hiki huundwa na kiwanda kisicho na uhusiano na kampuni ya simu, na huuzwa kwa jina la kiwanda hicho ama bila jina lolote. Kukiunda na kukiuza si kosa kwa sababu tu kinaingia katika simu ya kampuni nyingine, sawa na vile chujio la mafuta ya gari haliwi haramu kwa kuwa halikutoka kwa aliyeunda gari.

Cha nne ni kipuri ghushi: kile kilichobandikwa nembo ya kampuni bila idhini ili mnunuzi adhani ni asili. Hiki ndicho kinachopigwa marufuku na Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Fundi anayekwambia peupe kwamba anakutilia kipuri mbadala hajakulaghai. Anayekuuzia mbadala kwa bei na jina la asili amekulaghai.

Kioo na betri

Simu nyingi za bei ya juu hutumia skrini ya OLED, ambayo kila nukta yake hujitolea mwanga. Skrini mbadala za bei nafuu aghalabu ni za LCD, zinazohitaji taa ya nyuma. Simu itawaka, lakini rangi nyeusi itaonekana kijivu na huenda chaji ikaisha haraka zaidi.

Isitoshe, katika simu ambazo kisoma-kidole kimefichwa chini ya skrini na hutumia mwanga, skrini ya LCD iliyotiwa mahali pa OLED hukizuia kufanya kazi. Mteja hurudi akidai fundi ameharibu simu, ilhali tatizo lilianza wakati wa kuchagua kipuri.

Pia kuna tofauti kati ya kubadilisha kioo cha juu na kubadilisha skrini nzima. Ikiwa picha bado inaonekana sawasawa na mguso unafanya kazi, huenda kioo cha juu pekee ndicho kilichopasuka. Fundi mwenye mashine ya kukibandua kwa joto anaweza kukuachia skrini yako asili. Kazi hiyo ni ya uangalifu, na skrini inaweza kufa katikati yake, kwa hivyo mkubaliane mapema nani atabeba hasara.

Betri inahitaji tahadhari kubwa zaidi kwa kuwa inagusa usalama. Betri ya lithiamu huwa na saketi ndogo inayozuia chaji kupita kiasi. Betri duni huenda ikawa na saketi dhaifu, na kiwango kilichoandikwa juu yake huenda kisilingane na kilichomo. Betri ikivimba, usiitoboe wala kuichaji tena, na usiitupe jaani pamoja na taka za nyumbani.

Simu inayotambua kipuri kigeni

Tangu miaka ya 2010, baadhi ya kampuni zimekuwa zikioanisha vipuri na simu. Kila kipuri hupewa nambari yake, na programu ya simu huikagua. Nambari isipolingana, simu hutoa onyo ama huzima kazi fulani, hata kama kipuri hicho ni asili na kimetolewa katika simu nyingine ya aina iyo hiyo.

Mfano uliojulikana zaidi ni "Error 53". Wenye iPhone 6 waliokuwa wamebadilishiwa kitufe cha mbele chenye kisoma-kidole walipata simu zao zimekufa baada ya kupokea programu mpya. Apple ilitoa marekebisho Februari 2016, lakini haikuwa mwisho wa kesi.

Nchini Australia, tume ya kulinda watumiaji bidhaa iliishtaki kampuni hiyo mwaka 2017. Mnamo Juni 2018, mahakama iliiamuru ilipe dola milioni 9 za nchi hiyo kwa kuwaambia wateja wasiopungua 275 kwamba hawakustahili kusaidiwa kwa kuwa simu zao zilikuwa zimeguswa na mafundi wengine. Mahakama ilishikilia kuwa ukarabati wa mtu mwingine, peke yake, haufuti haki za mnunuzi.

Mwaka 2021, iPhone 13 zilipotoka, kubadilisha skrini nje ya kampuni kulizima utambuzi wa uso. Baada ya malalamiko, Apple iliondoa kizuizi hicho kupitia programu. Kuanzia 2024 kampuni hiyo iliruhusu pia vipuri asili vilivyotumika katika baadhi ya simu zake mpya.

Kampuni hujitetea kwamba kisoma-kidole ama kamera ya uso ni mlango wa siri za mteja, na kwamba mwizi asipoweza kuuza vipuri hatakuwa na hamu ya kuiba simu. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, ni vigumu kuzitumia kutetea onyo linalotolewa kwa sababu ya betri.

Mataifa mengine yamefanya nini?

Marekani ilipitisha sheria ya waranti mwaka 1975 inayokataza kampuni kumfunga mteja atumie vipuri vya chapa yake pekee ili waranti isivunjike, isipokuwa vipuri hivyo viwe vya bure. Majimbo ya New York, Minnesota na California yalifuata kwa sheria zinazoagiza mafundi huru wauziwe vipuri na wapewe miongozo. Oregon ilipitisha yake Machi 2024, nayo ikapiga marufuku kuoanisha vipuri kwa njia inayozuia ukarabati, kwa simu zilizoundwa kuanzia 2025.

Katika Muungano wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinataka vipuri muhimu vya simu viendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Agizo jingine la mwaka 2024 linakataza kampuni kuwazuia mafundi huru kutumia vipuri vilivyotumika ama vinavyooana na simu, almuradi vinatimiza sheria.

Mafundi hawajashinda kila mara. Nchini Norway, forodha ilinasa skrini 63 za iPhone mwaka 2017. Zilikuwa zimekarabatiwa, na nembo ya Apple ilikuwa imefunikwa kwa wino. Juni 2020, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa kuziingiza kulikiuka haki ya nembo. Funzo hapa ni kwamba nembo isiyo na idhini inaweza kumponza hata fundi mwenye nia njema.

Sheria za Kenya

Kenya haijapitisha sheria mahususi kuhusu haki ya kukarabati. Lakini mwenye simu hayuko uchi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kumficha mteja aina ya kipuri anachotiliwa kunagongana moja kwa moja na haki ya habari.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine. Misingi yake ni makadirio ya gharama kabla ya kazi, idhini ya mteja, kurejeshewa vipuri vilivyoondolewa na ankara ya kazi iliyofanywa. Magari ndiyo yaliyolengwa hasa, lakini ni mizani nzuri ya kumpimia fundi yeyote.

Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka iamue kesi katika siku 60. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Utakachohitaji ni ushahidi: risiti, ujumbe wa simu, picha.

Kuhusu tangazo la "simu isiyochukuliwa itauzwa", ipo sheria ya bidhaa zilizoachwa, Sura ya 38, inayomtaka fundi kufuata utaratibu na kutoa ilani kabla ya kuuza. Hawezi kuamka asubuhi moja akauza simu yako. Nawe pia usiiache kwake bila kumlipa.

Anayelipia simu kidogo kidogo kila siku asome mkataba wake kwanza. Kabla ya kumaliza deni, huenda yeye si mmiliki kamili, na simu hizo zinaweza kufungwa kwa programu.

Jambo moja halina mjadala: fundi hana ruhusa ya kubadilisha nambari ya utambulisho ya simu, IMEI. Hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya mawasiliano.

Kabla ya kumkabidhi fundi simu

Hifadhi picha na majina mahali pengine, kisha utoe kadi ya simu na ya kumbukumbu. Usimpe fundi nambari ya siri ya akaunti ya pesa kwa hali yoyote. Faragha yako inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini pesa zikishatoka, sheria huzifuata polepole.

Bonyeza *#06# na unakili IMEI. Uliza kipuri ni cha aina gani kati ya zile nne, kitazima kazi gani, na fundi anakidhamini kwa muda gani. Majibu hayo yaandikwe kwenye risiti.

Ikiwa simu ingali chini ya waranti, anzia kwa muuzaji kwanza.

Kazi ikiisha, jaribu mguso, kamera, spika, chaji na alama ya kidole mbele ya fundi, kisha udai kipuri cha zamani. Simu iliyofunguliwa usiiamini tena majini, hata kama ilipotoka dukani ilidaiwa haipenyezi maji, kwa maana gundi iliyozuia maji huenda haikurudishwa.

Kipuri mbadala kilichochaguliwa kwa macho makavu kinaweza kukuongezea miaka miwili ya matumizi kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya. Kile ulichotiliwa bila kuambiwa ndicho cha kudai fidia, na risiti ndiyo itakayokusemea.