Kabambare: Hesabu ya butike ikiwa kwenye « wingu », nani anaichunga?

Katika Kabambare, Salamabila ao Kasongo, mwenye kabini ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money anafanya kazi na masini ambayo hajawahi kuiona. Mkononi ana simu tu; hesabu ya pesa yake iko kwa kompyuta za kampuni, mbali na Maniema. Ni vilevile kwa muuzaji anayetunza picha za fakture kwenye Google Drive, ao anayetuma mauzo ya siku kwa WhatsApp kwa tajiri wake aliye Bukavu ao Kalemie. Hiyo ndiyo watu wanaita « wingu ».

Wingu ni nini?

Ni majumba yenye kompyuta nyingi, umeme wa kudumu na walinzi, ambayo mtu anayafikia kwa njia ya rezo. Faida yake ni kubwa: simu ikiibiwa ao ikianguka majini, hesabu haipotei. Lakini jumba nalo linaweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jumba moja la kampuni OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na kopi mahali pengine waliendelea na kazi. Kati ya wale wasiokuwa nayo, wako waliopoteza kila kitu.

Kampuni inachunga nini, mwenye butike anachunga nini?

Kampuni inachunga kompyuta zake. Haichungi ni nani anajua namba ya siri ya kabini, wala pesa iliyo ndani ya sanduku. Kazi hiyo inabaki Kabambare, na iko na sehemu nne.

1. Jina. Laini ya kabini iandikishwe kwa jina la mwenye mali, si kwa jina la kijana anayeuza. Hata adresi ya email inayofungua Google Drive ni hivyo. Siku mfanyakazi anaacha kazi, kilichoandikwa kwa jina lake kinaweza kuondoka naye. Namba za siri zibadilishwe siku hiyohiyo.

2. Jumla ya jioni. Pesa ya kabini iko pahali pawili: ndani ya simu na ndani ya sanduku. Tuseme asubuhi simu ina dola 300 na sanduku lina 200. Jumla ni 500. Mteja akija kuweka 50, simu inashuka hadi 250, sanduku linapanda hadi 250. Jumla ni ileile 500. Mteja akitoa pesa, inakuwa kinyume, lakini jumla haibadiliki. Inaongezeka tu kwa komisyo. Basi ikiwa jioni simu ina 260 na sanduku lina 190, dola 50 zimepotea: labda zilitumwa kwa namba isiyo yake, labda mtu alichukua sandukuni bila kuandika. Ni rahisi kutafuta kosa la leo kuliko la mwezi uliopita. Franka na dola zihesabiwe mbalimbali, kwa sababu konti zake ni mbili.

3. Salio, si mesaji. Wezi wanajua kutengeneza mesaji inayofanana na ya kampuni. Kabla ya kutoa pesa, muuzaji aangalie salio lake mwenyewe. Rezo ikikatika katikati ya kazi, asitume mara ya pili mbele ya kuangalia salio. Bila hivyo anaweza kulipa mara mbili.

4. Kaye. Menyu ya *1122# ya M-Pesa haihitaji intaneti, inahitaji rezo ya simu tu. WhatsApp na Google Drive zinahitaji intaneti, na intaneti inaweza kukosa kwa muda mrefu: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, nyuma ya uchaguzi, serikali iliikata inchi nzima kwa siku karibu 20. Mwenye kaye aliendelea kujua nani ana deni lake. Inafaa kuandika saa, kiasi na namba ya kila operesheni.

Kaye hiyo nayo inafungiwa. Ina majina na namba za wateja, na Sheria ya Dijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

Na Starlink?

Mwezi wa Mei 2025, mamlaka ya posta na mawasiliano, ARPTC, ilitangaza kwamba Starlink imepewa ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Intaneti ya setilaiti inaweza kufika hata pahali pasipo mlingoti wa simu, lakini inaomba umeme, kwa wengi ni plaki ya jua na batri. Tajiri aliye Bukavu ataona mauzo mapema zaidi. Ataona tu kile ambacho muuzaji ameandika. Kuhesabu sanduku jioni bado kunahitaji mtu aliye hapo.