Historia ya Lubumbashi imelala wapi?

LUBUMBASHI – Mtu wa hapa akitaka kujua babu yake alifika lini kuchimba shaba, aanzie wapi? Archives za taifa ziko Kinshasa, na tiketi ya ndege si mchezo kwa mwanafunzi. Tena karatasi nyingi za serikali ya kikoloni hazipo hata huko: Wabelgiji walizihamishia Bruxelles karibu na uhuru wa 1960. Kuleee ndiko ziliko pia karatasi za makao makuu ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa 1906, miaka minne kabla ya mji wetu.

Lakini si zote zilikwenda. Kampuni ilimfungulia mfanyakazi faili: jina, kijiji, chifu wake, mke, watoto, mshahara, adhabu. Kampuni ilipotaifishwa 1967, ikaja kuwa Gécamines, mafaili ya namna hiyo yalibaki Katanga. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika mengi juu ya familia za wafanyakazi hao, akiunganisha karatasi na masimulizi ya wazee.

Faida yake ni nini? Chukua tarehe 9 Desemba 1941. Wafanyakazi waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi uwanjani hapa mjini, na msemaji wao Léonard Mpoyo akauawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Wakoloni waliandika hesabu yao. Wazee walisimulia nyingine, kubwa zaidi. Faili lililokatika ghafla Desemba ile ni ushahidi. Likiliwa na mchwa, inabaki hesabu ya aliyeshika bunduki.

Ipo hazina nyingine, isiyohitaji viza. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha maboi wa zamani, *Vocabulaire de la ville de Elisabethville*. Jina lisikudanganye, si kamusi: ni historia ya mji jinsi ilivyoonekana kutoka jikoni kwa Mzungu, kwa Kiswahili chetu hiki hiki ambacho wengine wanakicheka. Johannes Fabian aliitoa kuwa kitabu mwaka 1990.

Mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulianza kukusanya kumbukumbu za familia. Kwa hiyo, mwenye kitabu cha kazi cha babu, karatasi ya mshahara au picha ya kambi, apige nakala kabla mvua haijapita kwenye paa.